Leso 24 za pindo moja: mtu aonekane vipi bila kujitoa kwa wenzake?

NyuziNaMajina

Hamjambo nyote. Naomba msaada wa ufundi na wa fikra pia.

Tunaandaa kazi ya sanaa na wanawake 24 wa Mji wa Kale na Majengo, hapa Mombasa. Swali tunaloliuliza kwa kitambaa ni hili: mtu hubaki vipi kuwa yeye, na huku ni wa ukoo, wa mtaa, wa chama, wa sare ya harusini? Tumechagua leso kwa sababu ndani yake mambo hayo mawili tayari yanavutana.

Mpango ulivyo sasa: kipimo cha leso ya kawaida, sentimita 150 kwa 110. Pindo ni moja kwa wote. Mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yanayoandikwa juu ya leso) vibadilike kwa kila mshiriki. Rangi tatu juu ya nguo nyeupe, tuchape wenyewe kwa skrini na mkono. Maonyesho ni siku 10 ndani ya nyumba ya kale yenye kuta za matumbawe na chokaa. Baada ya hapo kila mwanamke achukue yake akaivae, kwa hivyo lazima rangi istahimili kufuliwa.

Ninakokwama: miji 24 na majina 24 ni skrini nyingi mno. Je, kuna njia ya kuzipunguza? Tofauti ya mtu na mtu ikae wapi hasa ili ionekane? Nguo ipi, na mita ngapi? Na nitazitundika vipi mahali ambapo ukuta haupigwi msumari?

---

MwanaLeso

Dada, naanza na hilo la tofauti ikae wapi, kwa sababu likishajibiwa, skrini zitapungua zenyewe.

Usibadilishe mji. Ukibadilisha mji na jina pamoja utapata leso 24 ambazo hazijuani, na anayeingia ataona duka la leso la Biashara Street. Tofauti ndogo huonekana pale tu ambapo mengine yote yametulia. Fikiria jicho linavyoisoma leso. Ukiwa mita kumi unaona pindo na rangi. Ukiwa mita tano unaona mji. Jina hulisomi mpaka umesogea karibu zaidi. Utumie umbali huo. Mtu akiwa mlangoni aone kundi, kama waliovaa sare. Akisogea ndipo akutane na mmoja mmoja. Hivyo pindo moja, mji mmoja, rangi zilezile, majina 24.

La pili, kumbuka jina hukaa wapi leso ikishavaliwa. Ukijifunga kiunoni kwa kawaida, maandishi huangukia nyuma. Mvaaji hasomi jina lake, wanaolisoma ni wanaomfuata. Hakuna haja ya kubuni mfano mwingine wa mvutano mnaoutafuta: sauti ni ya mtu, lakini imeandikwa mahali ambapo ni wengine tu wanaoiona. Kwa hivyo katika maonyesho angalau leso chache zionyeshwe zimefungwa juu ya kiwiliwili, mgongo ukielekea mlangoni, ili mgeni afike akiwa nyuma ya mtu.

Kuhusu maneno yenyewe: msitumie UMOJA NI NGUVU na yanayofanana nayo. Ni maneno ya watu wote, kwa hivyo hapana mtu ndani yake. Kiswahili kimewapa chombo kizuri zaidi, nacho ni viambishi. Katika jina la leso, "ni" hajulikani ni nani na "m" hajulikani ni kina nani, mpaka mtu aivae mbele ya watu fulani. Mpe kila mshiriki sharti moja: sentensi yake iwe na yeye na wao ndani ya maneno machache. WANGU NYINYI, WENU MIMI. Au NILIPO NDIPO MNIJUAPO. Au NIPO NANYI KWA JINA LANGU. Waandike sentensi tatu kila mmoja, kisha wazisome kwa sauti mbele ya wenzao. Ile inayowafanya wenziwe wanyamaze au wacheke ndiyo ya kuchapwa.

Herufi kubwa, mstari mmoja, juu kidogo ya pindo la chini, katikati. Msiandike mistari miwili, itageuka tangazo. Na kama mshiriki ataka hati ya Kiarabu, mpeni. Majina ya mwanzo ya leso yaliandikwa kwa hati hiyo, kwa hivyo halitakuwa pambo la kubandika tu.

Jambo moja la kisheria na la heshima: leso nyingi za hapa zina alama ya mfanyabiashara pembeni, kama ile ya Kaderdina Hajee Essak, "Mali ya Abdulla", jina lililoanza biashara Mombasa mwaka 1887. Msiige alama ya mtu. Lakini mahali pale pembeni patumieni: wekeni namba ya mshiriki, 1 hadi 24, kwa herufi za nusu sentimita.

---

SkriniNaRaba

Nakubaliana na MwanaLeso kuhusu mji mmoja, hata kwa sababu ya gharama tu. Sasa tuingie mezani.

Nguo. Pamba tupu. Usiamini neno la muuzaji, choma uzi. Pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Yenye poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Poplini ya pamba au marekani laini zote zinafaa. Bafta ni nzuri pia, ila waulize washiriki kwanza, kwa sababu wapo wasiotaka kuvaa nguo inayokatiwa sanda, na wana haki.

Hesabu: nguo hurudi ikifuliwa. Ukichukulia asilimia 5, leso moja ya sentimita 150 inahitaji 158 kabla ya kufuliwa. Leso huja kwa doti, yaani jozi, kwa hivyo doti 24 ni vipande 48, karibu mita 76. Nunua 80 upate za majaribio. Upana wa inchi 48 unatosha. Lakini hiyo asilimia 5 ni ya kuanzia tu: kata kipande cha mita moja, chemsha, kausha, pima, kisha ufanye hesabu upya kabla ya kununua zote. Na zote zitoke jora za aina moja.

Nguo mpya ina wanga wa kiwandani, na hapo ndipo kazi nyingi za kwanza huharibika. Rangi hukaa juu ya wanga, leso hufuliwa mara mbili, rangi na wanga huondoka pamoja. Chemsha kwa magadi ya kufulia, gramu 5 kwa kila lita ya maji, dakika 45, kisha suuza mpaka maji yawe safi. Nguo ziogelee sufuriani, zisibanane, kwa hivyo fanya kwa mafungu. Kipimo ni tone la maji: lidondoshe juu ya nguo kavu. Likizama papo hapo, tayari. Likikaa juu kama lulu, rudia.

Skrini. Leso nzima kwa skrini moja ni mzigo, watu wawili hawaivuti raba (ile ya kusukumia rangi) sawasawa. Tumia skrini ya nusu leso, sentimita 75 kwa 110, yenye fremu kubwa kuliko hapo kwa sentimita 15 kila upande ili rangi ipate pa kupumzika. Chora pindo na mji kwa namna ambayo nusu moja ikizungushwa nyuzi 180 inakutana na nyenziwe. Skrini ni hiyo hiyo, unaizungusha tu. Watu hukosea wakidhani wanaweza kuchora robo na kuizungusha mara nne. Haiwezekani, kwa sababu robo za jirani ni kama picha ya kioo, na skrini haigeuzwi juu chini.

Mshono wa kati usipite kwenye eneo tupu la rangi moja, utaonekana kama kovu. Upitishe kwenye ukingo wa umbo. Umbo la korosho ni zuri kwa hili, maana mkia wake unaficha mshono. Na nusu ya jina, je? Acha eneo la jina wazi katika skrini zote za pindo na mji, sentimita 90 kwa 8. Liko upande mmoja tu wa leso, kwa hivyo ukizungusha skrini kwa nusu ya pili lazima mchoro uwe umelizingatia. Njia rahisi: eneo hilo liwepo juu na chini katika mchoro, la juu ulijaze baadaye kwa mstari wa nukta.

Kwa rangi tatu unahitaji skrini tatu za nusu na moja ndogo ya jina. Nne tu. Majina 24 hayahitaji skrini 24.

Jina. Skrini ndogo haina mchoro. Ina dirisha tupu la 90 kwa 8, pembeni kote imezibwa. Kata herufi kwenye karatasi nyepesi isiyo na mng'ao, ibandike chini ya wavu wa skrini, vuta raba. Karatasi moja hustahimili mivuto kadhaa kabla ya kulegea, na wewe unahitaji miwili tu, leso mbili za doti. Matumbo ya herufi A, B, D, O, P na R usiyatupe. Yapange mahali pake juu ya nguo kabla ya kushusha skrini, rangi ya mvuto wa kwanza itayanata kwenye wavu na yatabaki. Ukiamua kutumia sponji moja kwa moja bila wavu, basi kila tumbo lahitaji kidaraja cha karatasi, na maandishi yataonekana kama ya gunia la mchele. Tumia wavu.

Karatasi ikiwa chini ya wavu, jina lisomeke sawasawa ukiitazama kutoka juu. Kagua kabla ya kubandika. Kosa la jina lililogeuka ndilo linalorudi kila mara, na rangi ya nguo haifutiki.

Urefu wa herufi sentimita 4. Herufi na nafasi yake huchukua kama sentimita 3.2, kwa hivyo sentimita 80 zinabeba 25, nafasi za maneno zikihesabiwa. NIPO NANYI KWA JINA LANGU ni 25 kamili. Lililo refu zaidi lipunguzwe maneno, lisipunguzwe herufi, la sivyo sauti moja itakuwa ndogo kuliko nyingine.

Dawa ya skrini, ile inayopakwa wavuni na kugandishwa kwa mwanga. Mombasa unyevu ndio adui. Dawa ikionekana kavu kwa kidole bado ina maji ndani, ukiiweka kwenye mwanga na kuiosha inaondoka kwa vipande. Kausha gizani usiku kucha, skrini imelala, upande wa kuchapia ukiangalia chini, feni inapuliza. Wakati wa mvua za masika ongeza muda. Muda wa mwanga utafute kwa jaribio: funika skrini ndogo kwa kadi, uifunue hatua kwa hatua, chagua hatua ambayo mistari myembamba imefunguka na kingo hazitelezi.

Rangi. Rangi ya maji ya nguo, gramu 50 za rangi kwa kilo moja ya bainda, ile gundi inayoishika rangi kwenye nguo. Ukivuka gramu 80 unapata weusi mzuri leo na nguo inayochujika kesho, kwa sababu bainda haitoshi kuishika. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa mapindo, wa 55 kwa jina. Chapa nyepesi kwanza, nyeusi mwisho, kwa sababu nyeusi hufunika mahali rangi mbili hazikukutana vizuri.

Usichape nusu ya kwanza na ya pili mfululizo, skrini itakaa juu ya rangi mbichi na kuihamisha. Chapa nusu za kwanza za leso zote zilizo mezani, subiri zikauke, ndipo uzungushe. Kwenye ukingo wa meza funga chuma cha pembe chenye bolti za kugotea fremu. Bila kigoto hicho leso ya kumi itakuwa imehama kwa sentimita nzima na hutajua ilianza wapi.

Baada ya saa 24 piga pasi ya joto la pamba, bila mvuke, karatasi juu, dakika 4 kila mahali. Kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, joto halikufika.

---

TarumbetaNaTari

Heshima kwa MwanaLeso, lakini majina 24 tofauti yananisumbua. Katika sare, jina huwa moja kwa wote, na ndiyo maana sare ina nguvu. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, hapa Mombasa vilishindana kwa mavazi ya kufanana, na bado kila mtu alijulikana ni nani: kwa namna alivyofunga, alivyosimama, alivyoitikia. Mkimpa kila mtu jina lake mmeshaondoa mvutano, mmebakisha watu 24 waliosimama karibu karibu.

Pendekezo: tumieni doti. Leso haiji moja, huja mbili zilizoshikana, na mwenyewe ndiye anayezikata na kupinda. Kila mshiriki achapiwe doti yenye jina lake. Azikate mwenyewe. Moja abaki nayo, ya pili ampe mwenziwe. Lakini msibadilishane wawili wawili, mtapata jozi 12 zilizofungiana mlango. Mpeane kwa mzunguko: wa 1 ampe wa 2, wa 2 ampe wa 3, mpaka wa 24 ampe wa 1. Kila mtu atakuwa na leso mbili, moja ina sauti yake na moja ina sauti ya mtu mwingine, na hakuna anayeweza kutoka bila mzunguko kukatika.

Na ndipo pindo moja na mji mmoja vinapopata kazi. Leso mbili za majina tofauti huvaliwa pamoja kama doti kwa sababu tu mwili wake ni mmoja. Moja kiunoni yenye jina lake, moja mabegani yenye jina la aliyempa.

---

NyuziNaMajina

Kaka, hilo la mzunguko limetatua jambo nisilojua kulitamka. Nalichukua. Swali moja: kati ya washiriki wapo mama na binti, na wapo wawili wasioelewana. Mpangilio wa namba ufanywe kwa kura au kwa kuchagua?

---

TarumbetaNaTari

Kwa kura, mbele ya wote, na mkubali itakavyotoka. Ukoo na mtaa hakuna aliyevichagua. Lakini majina yakusanywe na kufungwa kabla ya kura. Mtu akishajua leso yake inakwenda kwa nani, ataandika fumbo la kumchoma au la kumsifu, na kazi itakuwa ya watu wawili tu. Mwenye kukataa kuvaa jina aliloletewa aruhusiwe kukataa, nayo itundikwe ikiwa imekunjwa, jina ndani. Msiifiche.

---

MwanaLeso

Nakubali, hoja ni nzito kuliko yangu. Ongezeni hili tu: aliyeandika asibadilishiwe neno hata kama lina makosa ya tahajia ya kwao. Anayesema "nendapo" badala ya "niendapo" achapwe hivyo. Mkisahihisha lafudhi mmemfuta mtu.

Kwa wanaotaka kuona msanii mwingine alivyolifanyia kazi umbo hili, mtazameni Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 na mshindi wa Turner Prize mwaka 2017. Ana kazi zilizochorwa kwa mpango wa kanga, zenye pindo, mji na maneno. Angalieni jinsi mji unavyobeba umbo moja tu na maneno yakaachiwa pumzi.

---

KutaZaChokaa

Nijibu la kutundika. Ukuta wa matumbawe uachwe kabisa: msumari unavunja lipu ya chokaa kwa kipande cha mkono mzima, na gundi inaing'oa. Kama nyumba ni ya urithi unahitaji pia ruhusa ya wahusika kwa chochote kinachogusa ukuta. Tengeneza fremu zinazosimama zenyewe, au pitisha kamba ya waya kati ya boriti za dari ikiwa fundi amezikagua.

Msikunje pindo la juu kupitisha ufito, kwa sababu leso isiyo na pindo la juu imekatwa kichwa. Shona mkanda wa marekani wa sentimita 8 nyuma ya ukingo, kwa mishono mikubwa ya mkono inayofumuka baadaye bila kuacha tundu. Ufito upite humo. Pete na kulabu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya bahari hutia kutu chuma cha kawaida ndani ya siku chache, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kwa sabuni.

Kimo: watu hutundika kwa mazoea ya picha, ukingo wa juu ukiwa sentimita 190, na jina linaishia usawa wa nyonga. Panda mpaka 230. Ukingo wa chini utakuwa 120 na jina kwenye kama 145, usawa wa macho ya wengi. Zikining'inia bila uzito chini, upepo wa dirishani utazipeperusha. Mimi ningeuacha, leso itulie na itikisike kama ilivyo mwilini, ila mziweke mbali na jua la moja kwa moja, hata kwa siku 10.

Nafasi ya kupita iwe sentimita 120, kiti cha magurudumu kipite. Zipange kwa duara kufuata namba za mzunguko, na kati ya wa 24 na wa 1 ndipo mlango uwe.

---

SkriniNaRaba

Kwa mpango wa mzunguko kuna badiliko mezani. Leso kutoka doti mbili tofauti zitavaliwa pamoja, kwa hivyo tofauti ya rangi kati ya doti ya 3 na ya 4 itaonekana mwilini. Changanyeni kila rangi mara moja tu, ndoo moja, kwa leso zote 48. Kadirieni gramu 100 kwa leso kwa kila rangi, yaani karibu kilo 5, na kilo moja ya akiba. Funikeni kwa plastiki iliyogusa uso wa rangi, si mfuniko peke yake. Na pasi ipigwe kabla ya kukata doti, wakati vipande viwili bado ni kitu kimoja, ili joto na kurudi kwa nguo viwe sawa pande zote mbili. Jina likatiwe karatasi siku ileile ya kuchapa, kwa sababu ikilala usiku mmoja kwenye unyevu wa hapa hujikunja na herufi hupishana.